Kinga Iliyopimwa kwa Mtu Mmoja

Mfanyabiashara wa vipuri vya malori ambaye nimekuwa nikimtania katika safu hii kwa jina la Daktari wa Kinga amefariki dunia. Shinikizo la damu lilimpanda akiwa dukani kwake, wakamkimbiza hospitali, na kabla ya jioni uani kwake kulishajaa watu: wanaume kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wanawake ndani wakiimba nyimbo za kanisa. Mimi nilipashwa habari na fundi wa kuchomelea vyuma wa mtaani kwetu. Alisimama mlangoni pangu, miwani yake ya kazi ikiwa bado kwenye paji la uso, akasema tu kwamba Daktari ametuacha. Kwa wasomaji wa mbali niseme kwamba hapa Lubumbashi baiskeli huitwa kinga, kwa hiyo atakayedhani kuwa marehemu alikuwa mtu wa chanjo atakuwa amepotea njia. Sikuwa ndugu yake, wala hatukufanya biashara pamoja. Nilikuwa mtu wa kunywa naye chai Jumamosi asubuhi na kubishana naye mpaka chai ipoe. Juma hili nimemkosa kuliko nilivyotarajia, na sioni sababu ya kuficha.

Alikuwa mtu wa Butembo, mmoja wa wale waliokuja huku kusini na biashara ya jumla wakabaki. Aliimba besi kanisani, alicheka kwa sauti ya kuamsha mtaa, na katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akikubali kwamba ameshindwa hoja. Alioa hapa, binti wa familia ya wenyeji hasa, watu walioukuta mji huu ukiwa na mitaa ya kuhesabika. Baiskeli yake aliinunua kwa mhandisi wa kigeni aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao: baiskeli ya milimani, yenye springi mbele na nyuma, mashine ambayo kwa macho yetu ilifanana zaidi na pikipiki iliyopoteza injini. Tangu siku hiyo hakuiacha ipumzike. Madereva wake walikuwa wakirudi kutoka Zambia wamebanwa foleni ya mpakani Kasumbalesa, na kati ya pistoni na beringi za magurudumu kulikuwa na kifurushi chake: mara usukani mwingine, mara breki za diski, mara uma wa mbele. Alikuwa anatoa kipuri kizima anatia kipuri kipya, na sisi wa chai tulikuwa tunakufa kwa kucheka. Tulisema huyu amepata mke wa pili. Kilichotuchekesha zaidi ni kwamba hakuna aliyewahi kumwona akienda nayo popote. Aliipanda mbele ya duka, akazunguka malori yaliyoegeshwa, akashuka akiwa ametosheka.

Nilianza kumwelewa siku ya mkasa wa chuma. Amotisa ya nyuma, ile springi inayokaa katikati ya fremu, ilikuwa imechoka, na nyuma ya baiskeli ilikuwa inanesanesa kama kitanda kibovu. Yeye alikuwa na safari ya mpakani, basi akaiacha kwa fundi huyuhuyu wa kuchomelea, akamwagiza kwa haraka kwamba nyuma inacheza sana, aitengeneze. Sasa, yeyote aliyeishi hapa anajua kazi ya mafundi wetu wa baiskeli. Wateja wao ni watu wa makala, yaani makaa, wanaosukuma magunia kutoka porini hadi mjini, na baiskeli ya makala hutiwa nondo kwenye uma, nondo kwenye fremu, nondo kila mahali palipoonyesha dalili ya kupinda. Kwa fundi wa namna hiyo baiskeli inayobonyea ina ugonjwa mmoja tu, nao dawa yake inajulikana. Akaitoa amotisa, akakata kipande cha chuma kinene chenye urefu uleule, akakitoboa pande mbili, akakifunga kwa boliti mahali pale. Kazi safi kabisa. Daktari aliporudi alikuta nyuma imekakamaa, na mkewe amelala chali sakafuni mwa sebule, mto chini ya magoti, kwa sababu alikuwa ameipanda asubuhi ile bila kujua kilichofanywa.

Nilikuwa naye alipokwenda kwa fundi, na nilikwenda makusudi, maana nilitegemea kuona vita. Alifika amevimba. Fundi akampokea kwa fahari ya mtu anayengoja kupongezwa. "Patron, ulisema nyuma inacheza," alimwambia. "Sasa haitacheza tena." Daktari alikigusa kile chuma kwa kidole. Kisha akakaa kwenye kigogo cha mbao pale kibandani, akaanza kumweleza fundi jambo ambalo sisi rafiki zake hakuwahi kutuambia, labda kwa sababu tulikuwa tunacheka mno kuweza kusikia.

Baiskeli ile ilikuwa ya mkewe. Mama huyu alikuwa na shamba nje ya mji, upande wa barabara ya Kasenga, aliloachiwa na mama yake, na tangu usichana wake alikuwa akilifikia kwa kinga ya kawaida. Halafu gari alilopanda likapinduka njiani kutoka Likasi, na mgongo wake haukurudi ulivyokuwa. Pikipiki za abiria zilimuumiza vibaya, akawa anashuka analia. Gari la mumewe lilifika mpaka kwenye kijito, pale penye magogo mawili yaliyolazwa kama daraja, na kutoka hapo kuna njia ndefu ya miguu ambayo mgongo ule haukuiweza. Mumewe alikuwa amejitolea kuajiri mlinzi, kuajiri wakulima, kuajiri hata mwangalizi wa mlinzi. Mkewe alikataa. Ninyi mnaoishi pembezoni mwa mji mnajua kwa nini. Huko nje kila palipo na nyasi ndefu kuna mtu anatembea na futi ya kupimia, na mlinzi wa kuajiriwa siku moja hukutwa amekuwa shahidi wa muuzaji. Daktari alimwambia fundi kwa kifupi: "Shamba yenye mwenyewe haonekane, bataikata paka parcelles." Yaani shamba ambalo mwenyewe haonekani watalikata viwanja tu. Ndiyo maana alikuwa anahitaji baiskeli yenye kubonyea nyuma na mbele. Kila shimo ambalo baiskeli ingelimeza lilikuwa shimo moja ambalo mgongo wa mkewe hautalihisi.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akafungua chuma chake bila kuambiwa. Tangu siku hiyo wakawa wawili katika kazi ile, na ninakiri kwamba Jumamosi zangu zilinoga, maana wote wawili walikuwa wabishi. Daktari alileta amotisa mpya isiyo ya springi ya waya, yenye kujazwa upepo kwa pampu ndogo. Haikulingana na matundu ya fremu, basi fundi akachonga bushi za shaba za kuziba pengo, na shaba ndicho kitu ambacho mji huu hautamkosesha mtu. Kisha wakafuata sheria moja ambayo Daktari hakuivunja kamwe: kubadilisha kipuri kimoja tu, kumpandisha mwenyewe, na kumuuliza swali lilelile. "Inakuuma wapi?" Akijibu kwamba ni mabegani, usukani unapandishwa na kuletwa karibu. Akijibu kwamba ni chini ya kiuno, upepo unapunguzwa kidogo kwenye matairi, ambayo yalikuwa mapana kiasi cha kuchekwa na watoto. Akisema haumwi popote, hakikuguswa kitu juma hilo. Nilimuuliza mara moja kwa nini asibadilishe vyote kwa mpigo amalize. Akanijibu kwamba mgonjwa akimeza dawa zote pamoja, akipona hutajua iliyomponya, akidhurika hutajua ya kulaumu.

Mama naye hakuwa mtu wa kunyamaza na kushukuru. Alipanda amevaa kitenge, na hilo hakulijadili. Mumewe akatafuta bomba la kiti linaloshuka ukibonyeza kitufe kwenye usukani, ili anaposimama miguu yake ifike chini bila kurusha mguu hewani. Mnyororo ulikuwa unakula pindo za kitenge, basi fundi akakata kipande cha raba ya lori akaufunika. Alisema pedali zinampandisha magoti juu mno. Wakamtafutia mikono ya pedali iliyo mifupi. Alisema vilima vya kule vinamshinda. Wakamwekea gia ya nyuma pana kama sahani. Siku moja alisema baiskeli ni nzuri lakini jembe litakaa wapi, na wanaume wawili wazima wakatazamana, kwa sababu hawakuwa wamelifikiria jembe. Lilipata nafasi ubavuni mwa fremu, likafungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu.

Lakini roho ya kazi yote ilikuwa ule upepo wa amotisa. Daktari alimkalisha mkewe juu ya baiskeli, yeye mwenyewe ameshika usukani, kisha akainama kuangalia kipete chembamba cha mpira kinachoteleza kwenye bomba la amotisa na kuonyesha imezama kiasi gani. Ikizama mno, anatia upepo. Isipozama, anautoa. Kwake baiskeli ilipaswa kuzama kidogo mara mwenyewe anapokaa, kabla hata ya kwenda. Sisi tulisema huo ni ulegevu. Yeye akasema, akiwa bado ameinama: "Lazima iikale kidogo. Njo inajua kama iko na muntu juu." Ndipo inajua kwamba ina mtu juu, alimaanisha. Kuikala, kwa Kiswahili chetu, ni kuketi na ni kuishi, na sikuwahi kusikia mtu akilitumia neno hilo kwa chombo cha magurudumu. Nimelifikiria sana.

Nimelifikiria kwa sababu huu ni mji unaopenda vitu vigumu. Tunaishi kwa mawe yanayosagwa, tunalala kwa ngurumo za malori, na tukitaka kumsifu mtu tunasema amekaza. Bosi aliyekaza, baba aliyekaza, pasta aliyekaza. Kinachobonyea tunakitia nondo. Halafu vitu vyetu karibu vyote vimetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo: dawati la shule ambalo mtoto mrefu hukunja miguu chini yake miaka yote, kaunta ya ofisi ambayo bibi mfupi huongea nayo akiwa amenyanyua kidevu, viatu vya kazi vya namba ileile kwa kikosi kizima. Tumezoea kuwa mwili ndio utakaojipanga. Ukilalamika unaambiwa uzoee. Daktari alikuwa mtu wa biashara ya jumla, mtu wa kuuza kitu kilekile kwa watu mia, na ndiyo maana ninamheshimu zaidi kwamba nyumbani kwake alikataa kufanya hivyo. Alitaka kitu kimoja kimfae mtu mmoja, na alikuwa tayari kuchekwa na soko zima mpaka kimfae. Hakuona aibu yoyote, na alikuwa na haki.

Kwa misimu kadhaa, basi, mama alikwenda shambani mwake mwenyewe. Alipita barabara ya Kasenga mapema kabla malori hayajajaa, akavuka magogo akiwa anaisukuma, akaonekana. Majirani walimsalimu, wapimaji wa viwanja walimwona wakahamia kwingine na futi zao. Mahindi yaliletwa mjini na watu wa makala, kwa kuwa mgongo wake haukuruhusiwa kubeba. Yeye alichopeleka kule ni uso wake, na hicho ndicho kilicholinda shamba.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike, maana lingekuwa ni kifo tu ningemwandikia mistari michache ya heshima nikanyamaza. Baada ya mazishi ndugu wa marehemu waliotoka Butembo walikaa na familia, kama inavyofanyika, kugawana vitu vyake vya mwilini: suti, saa, redio, Biblia. Siwasemi vibaya. Kaka mkubwa ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na wakati wa kilio alikuwa amemtunza shemeji yake vizuri. Lakini alipomaliza suti aliuliza iko wapi ile kinga. Na hapo hakuna aliyeshangaa, kwa sababu mji mzima ulijua kuwa kinga ni ya Daktari, hata kama mama ndiye aliyeipanda. Alikuwa ameizungumzia miaka yote kwa sauti ile ya besi, nasi tulikuwa tumemwita kwa jina lake. Risiti za vipuri zilikuwa za duka lake. Mtu pekee ambaye angeweza kubishana na kaka yake alikuwa amelala makaburini. Nilimtazama mama. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanusika hewani, mbegu zilikuwa zimefungwa kwenye gunia kando ya mlango, na kila aliyekuwa uani pale aliyemjua alielewa kuwa baiskeli ikipanda lori la Butembo, shamba lile litakatwa vipande kabla ya mahindi ya jirani kuota.

Mama hakulia wala hakubisha. Alikwenda ndani akaisukuma nje, ikiwa imefutwa vumbi, akamkabidhi shemeji yake mkubwa usukani. "Mupande kwanza, shemeji," alisema. Yule mzee ni mtu wa mwili. Alipokaa, baiskeli ilishuka yote mpaka chini ikagonga, magoti yakamfikia karibu na kifua, na alipojaribu kuendesha ilikuwa inamruka na kumzamisha kila alipokanyaga. Alifika kwenye bomba la maji akashuka. Akamwita mdogo wake ajaribu, kijana mwembamba kidogo lakini mrefu, naye hali ikawa ileile, isipokuwa yeye alijigonga goti kwenye usukani. Wakaiinamia wote wawili, wakaibonyeza, wakatazamana. "Iyi iko mugonjwa," kaka mkubwa alitoa hukumu. Mimi na fundi tulikuwa tumesimama ukutani, na pampu ndogo ya amotisa ilikuwa mfukoni mwa fundi. Niliona mkono wake ukiigusa, ukaiacha, maana upepo kidogo tu ungemfaa mzee.

Wangeweza kuiacha hapo na mama angebaki nayo kama kitu kibovu kisichotakiwa. Ningekuwa mimi ningeridhika na hilo. Lakini mzee yule aliuliza swali ambalo limenifanya nimheshimu. "Na weye unaipandaka aje?" Mama akafunga kitenge vizuri, akabonyeza kitufe kiti kikashuka, akakaa, kikapanda. Akazunguka ua. Baiskeli ilizama kiasi kilekile alichokitaka mumewe, kisha ikatulia. Akapita juu ya mzizi wa mti wa parachichi, akapita juu ya bomba la maji, akapita kwenye ule ukingo wa saruji uliovunjika karibu na jiko, na mgongo wake ulikuwa umenyooka muda wote, shingo haikutikisika. Wanawake waliokuwa wakiosha vyungu waliacha kuosha. Alizunguka tena bila kuombwa, nadhani kwa sababu ilimpendeza, na aliposimama mbele ya mashemeji zake machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Mzee aliiinamia tena. Akaitazama raba iliyofunika mnyororo, akaishika mikono mifupi ya pedali, akaona zile kamba za mpira mahali pa jembe. Kisha akawageukia ndugu zake akasema kwa sauti ya kikao, ili kila mtu asikie: "Kinga iyi haikukuwa ya ndugu yetu. Iko ya Mama." Mazungumzo yakahamia kwenye redio.

Juzi mvua imenyesha ya kweli, na mama ameshapanda. Fundi ndiye anayemwangalizia upepo sasa, na ninaambiwa anauliza lile swali kama alivyofundishwa. Mimi nimebaki na somo langu, nalo nalitoa kwenu bila kulizungusha. Wengi wetu tunataka kuwaachia wake zetu, waume zetu na watoto wetu kitu, na tunafikiri juu ya nyumba, hati na akaunti, vitu ambavyo mtu yeyote mwenye nguvu anaweza kuvikalia. Fanyeni hivyo, ni wajibu. Lakini tafuteni pia kitu kimoja mtakachomtengenezea mtu wenu taratibu mkiwa hai, mkimuuliza anaumwa wapi na mkingoja jibu, mpaka kiwe chake kiasi kwamba mtu mwingine akikijaribu atakirudisha mwenyewe.